Namna ya kuisoma 2 Wafalme 13:21, mifupa ya Elisha

Watu wanazika mwenzao, wanaona kikosi cha wavamizi, wanaitupa maiti kaburini mwa Elisha. Maiti inagusa mifupa ya nabii. Mtu anafufuka na kusimama. Basi. Hatuambiwi jina lake wala alikokwenda. Katika darasa la Biblia ninaloliongoza, swali la kwanza huwa lile lile: je, mifupa ya watakatifu ina nguvu?

Usianzie hapo. Soma sura yote ya 13 kwa sauti. Kabla ya aya yetu, Elisha akiwa mgonjwa anamwahidi Yoashi, mfalme wa Israeli, kuishinda Shamu (Siria) mara tatu, kwa kuwa mfalme alipiga nchi kwa mishale mara tatu tu. Ahadi inatimia aya ya 25. Katikati aliyeahidi amekufa, na Wamoabu wanaingia nchini. Je, neno lake limezikwa naye? Aya ya 21 imewekwa hapo hapo penye shaka hiyo.

Kisha fuatilia kitenzi. Hili nilichelewa sana kuliona, na lilinibadilishia kila kitu. Kiebrania kinasema shalak, kutupa. Aya mbili mbele neno hilo linarudi: Mungu alikuwa hajawatupa Israeli mbali na uso wake, kwa ajili ya agano lake na Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Fungua sasa 17:20, baada ya Samaria, mji mkuu wa Israeli, kuanguka: amewatupa. Na kitabu chenyewe kinaishia uhamishoni Babeli. Waliokisoma huko walijijua kuwa watu waliotupwa, na hapa wanamkuta mfu aliyetupwa akisimama kwa miguu yake.

Linganisha pia na Hesabu 19:16, ambako kugusa mfupa wa mtu kunatia unajisi siku saba. Hapa mguso ule ule unaleta uhai. Ndipo urudi kwenye swali la mifupa, ukiangalia kwamba hakuna aliyekwenda kaburini kuomba muujiza, wala hatusomi kwamba wengine walifuata.

Mama mmoja aliyekuwa amefiwa aliniuliza mbona Elisha, aliyemfufua mtoto wa yule mwanamke Mshunami (2 Wafalme 4), yeye mwenyewe alibaki mifupa. Sikumpa jibu la haraka. Tangu siku ile, nikifundisha, naanza na aya ya 20, Elisha akafa, wakamzika. Nanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.