Wanachama wanaodhaminiana: uhusiano wa wengi kwa wengi ndani ya jedwali moja

Tuchukue programu ya simu inayotunza hesabu za chama cha akiba na mikopo, mfano wa vyama vilivyojaa mitaa ya Nairobi. Mkopaji hudhaminiwa na wenzake kadhaa, na kila mmoja wa wenzake hao anaweza kuwadhamini wengine huku naye akidhaminiwa, kwa hiyo pande zote mbili za uhusiano zinatoka katika jedwali lilelile la wanachama. Mifano hii ni ya SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya Android na iOS.

Hatua ya 1: Jedwali la kati

Safu (column) ya mdhamini ndani ya jedwali la wanachama hubeba mtu mmoja tu, na orodha ya namba zilizotenganishwa kwa koma ni mbaya zaidi, kwa kuwa hifadhidata haiwezi kuthibitisha kwamba namba hizo ni za wanachama waliopo. Kwa hiyo kila udhamini unaandikwa kama rekodi moja katika jedwali la kati, hapa `udhamini`, linalotaja mdhamini na mkopaji.

```
CREATE TABLE wanachama (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL
);
CREATE TABLE udhamini (
  mdhamini_id INTEGER NOT NULL REFERENCES wanachama(id),
  mkopaji_id INTEGER NOT NULL REFERENCES wanachama(id),
  kiasi INTEGER NOT NULL CHECK (kiasi > 0),
  PRIMARY KEY (mdhamini_id, mkopaji_id),
  CHECK (mdhamini_id <> mkopaji_id)
);
```

Zipe safu majina ya majukumu. Ukiziita mwanachama1 na mwanachama2, baada ya miezi michache hakuna atakayekumbuka nani anamdhamini nani. Kiasi, kwa shilingi, kinakaa hapa kwa sababu ni sifa ya udhamini wenyewe, si ya mtu. Sharti la mwisho linamzuia mtu kujidhamini. Iwapo chama kinaruhusu mtu kumdhamini mwenzake katika mikopo miwili kwa wakati mmoja, ufunguo msingi (PRIMARY KEY, yaani safu zinazoitambulisha kila rekodi bila kujirudia) lazima ujumuishe pia namba ya mkopo. (Namba ya simu isiwe ufunguo kamwe, maana watu hubadilisha laini.)

Hatua ya 2: Washa ulinzi, ongeza faharasa

```
PRAGMA foreign_keys = ON;
CREATE INDEX udhamini_mkopaji ON udhamini(mkopaji_id);
```

Kwa kawaida SQLite huacha ukaguzi wa funguo za kigeni (zile REFERENCES zinazodai mwanachama awepo) ukiwa umezimwa, na amri hiyo ya kwanza hutolewa upya kila muunganisho unapofunguliwa. Faharasa (INDEX, orodha inayoharakisha utafutaji) inahitajika kwa sababu ufunguo msingi huharakisha utafutaji unaoanzia kwa mdhamini pekee.

Hatua ya 3: Kusoma pande zote mbili

```
SELECT d.jina, k.jina, u.kiasi
FROM udhamini u
JOIN wanachama d ON d.id = u.mdhamini_id
JOIN wanachama k ON k.id = u.mkopaji_id;
```

Jedwali moja linaitwa mara mbili kwa majina tofauti. Anayetumia Room, maktaba ya Android ya kufanyia kazi SQLite, hutaja safu zote mbili waziwazi ndani ya `@Junction`, alama inayoonyesha jedwali la kati, lakini njia hiyo hurejesha wanachama bila kiasi, ndiyo maana napendelea kuandika ulizo (query) mwenyewe.

Hatua ya 4: Kunasa mizunguko

A akimdhamini B, B akamdhamini C, kisha C akamdhamini A, dhamana hiyo ni ya karatasi tu.

```
WITH RECURSIVE mnyororo(id) AS (
  SELECT mdhamini_id FROM udhamini
  WHERE mkopaji_id = :mkopaji
  UNION
  SELECT u.mdhamini_id FROM udhamini u
  JOIN mnyororo m ON u.mkopaji_id = m.id
)
SELECT id FROM mnyororo;
```

Namba ya mkopaji mwenyewe ikitokea katika majibu, kuna mzunguko. `UNION` hutupa rekodi zilizokwisha kupatikana, ilhali `UNION ALL` ingezunguka bila kikomo. Hata hivyo, ukiongeza safu ya kuhesabu ngazi, kila duara litazaa rekodi mpya na kinga hiyo itapotea. Hapo weka kikomo cha ngazi ndani ya ulizo.