Saundikadi ya USB kwenye Raspberry Pi 4, namna ya kuifanya isipotee ukiwasha upya

Jamaa mmoja anarekodi kwaya yao kwa Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) na saundikadi, yaani kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta, ya Behringer UMC202HD, leo inarekodi, kesho akiwasha inagoma. Tumeimaliza hivi. Kama saundikadi yako ni nyingine fuata hivihivi, ila iwe inatambulika na Linux yenyewe, zile zinazodai draiva ya Windows achana nazo kabisa.

1. Weka Raspberry Pi OS Lite, mfumo endeshi wa Pi usio na desktopu. Yenye desktopu ina PipeWire, programu ya sauti, inayoshikilia kadi, na kwa mashine ya kurekodi tu haina kazi.

2. Adapta iwe ya volti 5.1 na ampea 3, chaja ya simu hapana. Matundu yote manne ya USB yanagawana ampea 1.2 tu, ukichomeka na hadi diski hapohapo unatafuta matatizo. Kwenye terminali andika:

vcgencmd get_throttled

Ikija 0x0 safi. Ikija 0x50000 ujue umeme ulishashuka tangu uwashe.

3. Chomeka kadi, andika arecord -l, inaorodhesha kadi za kurekodi, uione.

4. Sasa hapa tulia. Utakuta watu wanakwambia tumia hw:1,0 kuitaja kadi, usitumie! Hiyo 1 ni namba tu ya kadi, Linux inazigawa kufuatana na kadi ipi imeonekana kwanza wakati mashine inawaka, na Pi 4 ina kadi zake tayari, HDMI mbili na tundu la hedifoni, kwa hiyo leo yako ni 1 kesho ni 3, na skripti yako inaenda kutafuta maiki kwenye HDMI ambako hakuna maiki. Tumia jina. Kwenye majibu ya arecord -l, jina ni lile neno baada ya namba ya kadi, kabla ya mabano, kwa UMC202HD ni U192k. Fungua /etc/asound.conf (kama haipo itengeneze, kwa sudo) uandike:

pcm.!default {
  type plug
  slave.pcm "hw:CARD=U192k"
}

Hiyo plug usiiondoe, ndo inabadilisha fomati, ukienda hw moja kwa moja na fomati ambayo kadi haiitaki utaambiwa haipatikani na utadhani kadi mbovu. Halafu ukiwa na kadi mbili za aina moja, ya pili inapewa jina lenye _1 mwishoni, na ipi iwe ya pili inategemea tena nani kawahi, kwa hiyo bora ununue kadi moja yenye matundu mengi ya maiki kuliko mbili ndogo.

5. Jaribu, kisha zima uwashe ujaribu tena:

arecord -f S32_LE -r 48000 -c 2 -d 10 jaribio.wav
aplay jaribio.wav

6. Gaini, yaani kiasi cha kukuza sauti ya maiki, rekebisha kwenye kadi yenyewe, kwaya ikiwa inaimba kwa sauti ya juu kabisa. Taa ya CLIP ikiwaka, punguza.