Namna ya Kujenga Zizi la Miti Hai la Kuzuia Simba na Fisi

Kwa mfugaji wa Longido au Monduli, usiku mmoja wa simba unaweza kuondoka na ada ya shule ya mwaka mzima, na hapo ndipo aliyepata hasara hushawishika kutia sumu kwenye mzoga, sumu ambayo haiishii kwa simba bali huwaua pia tumbusi, mbweha na mbwa wa boma lake mwenyewe. Magari ya watalii huondoka Arusha mjini kila alfajiri kwenda kumtazama simba huyohuyo. Si haki kwamba gharama ya kuishi naye imwangukie aliye maskini kuliko wote, na ndiyo maana ninaeleza hapa ujenzi wa zizi la miti hai, lililokwisha kutumiwa na wafugaji wengi wa Simanjiro.

Zizi hili huunganisha nguzo zinazoota na wavu wa seng'enge. Mti unaofaa ni ule ambao Wamaasai huuita osilalei, yaani Commiphora africana, kwa sababu tawi lake likichomekwa ardhini hutoa mizizi. Kata matawi yaliyonyooka, manene kama mkono na marefu kuliko mtu, mwishoni mwa kiangazi, kisha yaache kivulini siku chache ili jeraha likauke lisije likaoza. Yapande kwa kina kinachoyawezesha kusimama imara kabla mvua hazijaanza, yakiwa yamekaribiana, kwani nguzo zikiachana mno wavu hulegea. Usikate mti mmoja mpaka ukaisha. Chukua matawi machache kwa kila mti.

Funga wavu kwenye nguzo na uzike ukingo wake wa chini ardhini, maana fisi huchimba. Urefu wa ua kwenda juu usipungue mita 2. Watu wengi hudhani kazi ya ua ni kumzuia simba asiingie tu, ilhali mara nyingi ng'ombe hunusa harufu yake, wakataharuki na kuvunja ua wa miiba, kisha wakauawa wakiwa nje. Kwa hiyo ua lazima uhimili pia msukumo wa kundi kutoka ndani. Mlango ndio udhaifu wa mazizi mengi. Tengeneza wa bati la mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa, usiache upenyo chini yake.

Wavu ni ghali, na familia moja haiwezi kuubeba mzigo huo peke yake. Pelekeni ombi kwenye mkutano wa kijiji, au kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, yaani umoja wa vijiji vilivyotenga ardhi kwa ajili ya wanyamapori, kama ile ya Enduimet, mkipendekeza mchango wa kaya uongezewe fedha za utalii.

Mnyama akiuawa licha ya hayo yote, usiuondoe mzoga. Piga picha za mzoga na nyayo, kisha toa taarifa siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori wa halmashauri aje kukagua. Kanuni za wanyamapori za mwaka 2011 huyaita malipo ya serikali kwa mfugo uliouawa na mnyamapori kifuta jasho, si fidia, kwa hiyo usitarajie bei ya ng'ombe katika mnada wa Meserani. Hata hivyo dai, na ubaki na nakala ya fomu yenye mhuri.