Somo: Safari ya Hispania ianze na sikukuu, tiketi ya ndege iwe ya mwisho

Wakuu, wengi wetu tukipanga Hispania tunaanza na tiketi, mtu akiona bei imeshuka anadaka fasta halafu ndio anaanza kuuliza huko kuna nini. Ndio maana unamkuta mtu Sevilla mwezi wa nane, saa tisa mchana, joto limepita 40, wenyeji wenye uwezo wameshakimbilia baharini, yeye anatafuta kivuli tu. Fanya kinyume chake. Chagua sikukuu, sikukuu ikupe mji na tarehe, halafu hali ya hewa ya huo mji ikwambie uende au ubadili.

HATUA YA 1: Usitafute "hali ya hewa ya Hispania"

Tafuta ya mji. Andalucía, yaani kusini kwenye Sevilla na Córdoba, kiangazi ni tanuri, tarehe 14 Agosti 2021 kimji cha La Rambla mkoa wa Córdoba kilifika 47.6. Madrid iko juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Januari usiku inakaribia sifuri na Julai inakaanga. Kaskazini, kuanzia Galicia mpaka San Sebastián, ni kijani kwa sababu mvua inanyesha mwaka mzima, na Agosti ndio kwenye nafuu. Pwani ya Mediterania ni poa karibu mwaka wote ila vuli yake sio ya kuchezea, mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 upande wa Valencia yaliua watu zaidi ya 200. Visiwa vya Canary ni habari nyingine kabisa, viko jirani na Moroko na Februari watu wako nje na nguo nyepesi, ndio maana kanivali ya Santa Cruz de Tenerife inafanyika barabarani bila mtu kutetemeka.

HATUA YA 2: Jua sikukuu yako ni ya tarehe moja au inahama

Zisizohama: Fallas ya Valencia, ile ya baruti na kuchoma sanamu, siku kubwa ni 15 mpaka 19 Machi. San Juan, mioto ya usiku wa 23 Juni. San Fermín ya Pamplona, 6 mpaka 14 Julai, hii ndio ya kukimbizwa na mafahali saa mbili kamili asubuhi. La Mercè ya Barcelona karibu na 24 Septemba, pale utaona watu wanapandana mabegani mpaka wanakuwa mnara na mtoto mdogo juu kabisa. El Pilar ya Zaragoza, 12 Oktoba.

Zinazohama zinafuata Pasaka. Semana Santa yenyewe, yaani Wiki Takatifu kabla ya Pasaka, na Feria de Abril ya Sevilla, sherehe ya mahema, ambayo kwa kawaida inakuja wiki mbili baada ya Pasaka. Feria mimi simshauri mgeni aende peke yake, mahema mengi ni ya familia na makampuni, bila mwenyeji wa kukukaribisha utaishia kwenye yale machache ya umma na mengine utayachungulia tu. Kanivali nayo inahesabiwa kutoka Pasaka kurudi nyuma.

HATUA YA 3: Tafuta mwaka ambao mbili zinashikana

Hapa ndio kwenye utamu. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, mapema sana. Kwa hiyo Fallas inaisha Ijumaa tarehe 19, na Jumapili ya Matawi, inayofungua Semana Santa, ni tarehe 21. Siku moja tu katikati! Unashuhudia Valencia inawaka moto, Jumamosi unapanda treni, Jumapili uko Sevilla maandamano ya kwanza yanatoka kanisani. Miaka mingi hizi mbili zinaachana kwa wiki kadhaa na huwezi kuziunganisha bila kulala sana hoteli.

Valencia: kuanzia tarehe 1 mpaka 19 Machi, kila siku saa nane mchana, kuna mascletà pale uwanja wa manispaa. Usitegemee fataki za rangi, ni baruti ya mlio, mdundo unapanda taratibu mpaka unausikia kifuani, mwisho ardhi inatikisika na watu wanapiga makofi kama wametoka kwenye muziki. Fika saa sita na nusu, la sivyo utasimama mtaa wa nyuma ukisikiliza moshi. Halafu kila mtaa unajenga sanamu kubwa, nyingine zinapita urefu wa ghorofa kadhaa, zinawadhihaki wanasiasa na mastaa, mafundi wanazitengeneza karibu mwaka mzima na usiku wa tarehe 19 zinachomwa zote. Kila mwaka sanamu ndogo zilizopigiwa kura na wananchi ndio zinasamehewa moto na kupelekwa makumbusho. Hali ya hewa: mchana karibu 19 au 20, usiku inashuka kama 10, baridi ya Lushoto ya mwezi wa saba. Upepo ukiwa mkali, fataki zinaahirishwa.

Sevilla: mchana ni 20 na kitu, machungwa ya mitaani yanaanza kutoa maua na mji mzima unanukia. Vyama vya waumini zaidi ya 50 vinatembeza sanamu za Yesu na Bikira Maria kwenye majukwaa yanayobebwa na wanaume waliojificha chini, shingoni, masaa kibao. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ndio mkubwa kuliko zote, hakuna anayelala. Adui ni mvua. Mavazi ya sanamu yana nyuzi za dhahabu na mbao zenyewe ni za karne nyingi, kwa hiyo wingu likitanda viongozi wa chama wanakaa, wanajadili, na mara nyingi wanafuta. Mwaka 2024 dhoruba ililaza maandamano mengi sana, watu wazima wakalia milangoni mwa kanisa. Kwa hiyo usiende kwa usiku mmoja, weka angalau siku tatu, ikinyesha leo kesho utapata.

HATUA YA 4: Hesabu kurudi nyuma

Viza ya Schengen unaruhusiwa kuomba miezi 6 kabla, na mwisho siku 15 kabla. Ukitaka kuingia katikati ya Machi, dirisha linafunguka katikati ya Septemba, usingoje Januari maana kupata nafasi ya miadi kunaweza kukumaliza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi ukinyimwa, bima iwe ya angalau euro 30,000, na Hispania inataka uonyeshe hela ya kutosha kwa kila siku utakayokaa, kiwango chake kinapanda kila mwaka na kimeshapita euro 100 kwa siku.

Malazi shika kwanza, yale unayoweza kufuta bila kukatwa. Valencia ikiwa imejaa lala Sagunto, Castellón au Xàtiva uingie na treni. Kutoka Valencia kwenda Sevilla treni za moja kwa moja ni chache, ni kama masaa manne, wengi wanabadilishia Madrid. Ndege, ukishapata viza. Ethiopian inaenda Addis mpaka Madrid, wale wa Ghuba wanakupitisha Dubai au Doha.

HATUA YA 5: Begi

Koti jepesi, kitu cha mvua, viatu ulivyokwisha vizoea. Nguo ya sufi au pamba kwa Fallas, nailoni ikirukiwa na cheche inatoboka hapo hapo. Na viziba masikio.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mi Muislamu, hiyo Machi 2027 si Ramadhani? Na chakula inakuwaje?

Jibu: Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuisha karibu tarehe 9 Machi, mwezi ukiandama vizuri utakuwa umeshasherehekea Idi wiki nzima kabla. Chakula: Valencia tafuta mtaa wa Ruzafa, kuna maduka ya Wamoroko na Waaljeria. Sevilla kuwa makini, nguruwe anaingia mpaka kwenye supu ya maharage na mchicha, uliza kila sahani. Paella ya asili ni kuku na sungura, sio nguruwe, ila kuchinjwa ndio swali. Ukipata siku ya ziada panda Granada, mtaa wa Albaicín kuna msikiti uliofunguliwa 2003, unatazamana na Alhambra. Córdoba ule msikiti wa zamani sasa ni kanisa kuu, unaingia kutazama, kuswali hawaruhusu.

Swali: Wale waliovaa kofia ndefu za ncha wamefunika nyuso nimeona picha nikaogopa, sisi weusi ni salama kweli?

Jibu: Dada usiogope, hayo ni mavazi ya toba, yamevaliwa Hispania karne kadhaa kabla ya lile kundi la kibaguzi la Marekani, Ku Klux Klan, kuzaliwa. Anafunika uso ili asijulikane nani anatubu. Watoto wanawafuata wakiomba pipi na nta ya mishumaa, wanaiviringisha mpaka inakuwa mpira. Cha kuogopa pale ni wezi wa simu kwenye msongamano.

Swali: Watoto wangu wana likizo Juni na Julai tu, nifanyeje?

Jibu: Mama, nenda Alicante, mioto yao ya San Juan ni 20 mpaka 24 Juni, na yenyewe wanachoma sanamu kama Valencia ila bahari iko hapo hapo ya kupooza watoto. Baada ya hapo panda kaskazini, usishuke Andalucía. Pamplona inawezekana pia, kukimbia na mafahali ni kuanzia miaka 18 lakini asubuhi kuna masanamu ya majitu yanayochezeshwa mtaani, watoto wanayapenda kuliko kitu chochote. Ila vyumba Pamplona wiki ile, jiandae.

Swali: Na ile ya kurushiana nyanya?

Jibu: Tomatina, Buñol, kama kilomita 40 kutoka Valencia, Jumatano ya mwisho ya Agosti. Tangu 2013 ni kwa tiketi. Ni saa moja tu, na nyanya unaiponda kwanza kabla ya kurusha. Kwa nauli ya kutoka Dar au Nairobi kwa ajili ya saa moja mimi hapana, ila kama uko Ulaya tayari nenda.

Swali: Kaka nina siku saba tu, nichague Fallas au Semana Santa?

Jibu: Ingia Valencia tarehe 16, toka Sevilla tarehe 22. Utakosa ule usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu lakini utakuwa umepata vyote viwili. Ukiongeza siku ukae mpaka Pasaka, kumbuka alfajiri ya tarehe 28 saa zao zinasogezwa mbele saa moja, sasa kama ndege yako ni asubuhi hiyo lala uwanja wa ndege.