Kugawa mtandao wa shule katika subneti: kutoka karatasi hadi kamera ya mwisho

Shule niliyoitwa kuifungia mtandao ilikuwa imepewa fungu moja tu la anwani: 10.20.7.0/24, yaani anwani 256, kuanzia 10.20.7.0 hadi 10.20.7.255. Mmiliki wake ana shule kadhaa zilizounganishwa kwa VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti), na kila shule inatambulika kwa okteti ya tatu, yaani namba ya tatu kati ya nne za anwani. Hii ni ya saba. Nje ya hapo huruhusiwi kugusa, kwa sababu 10.20.8 ni ya wenzako na ukiichukua utavuruga njia za mtandao mzima.

Nalitaja hilo mapema kwa sababu mafundi wengi wanaoanza hugawa subneti (vipande vya mtandao) ndogondogo hata mahali pasipohitaji. Anwani za ndani ni bure. Waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 umetutengea 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 tuzitumie bila kumwomba mtu. Kama mtandao ni wako peke yako, mpe kila kundi /24 yake ulale usingizi. Hesabu ninayoionyesha hapa ni ya pale unapopewa kipande kimoja na lazima kitoshe wote.

Hatua ya 1: Tembea, hesabu vifaa

Usihesabu watu, hesabu vitu vinavyoomba anwani. Mwalimu mmoja ana simu na laptopu, hivyo ni wawili. Nilizunguka shule nzima na daftari, nikapata hivi:

- Maabara ya kompyuta: kompyuta 60, seva 1, printa 1
- Wi-Fi ya walimu: walimu 22, vifaa 44
- Kamera: 14, na rekoda yake 1
- Ofisi: kompyuta 7, printa 1
- Usimamizi: swichi 2, antena 2 zinazounganisha majengo mawili, akses pointi (visambaza Wi-Fi) 3

Kisha ongeza moja kwa kila kundi. Hiyo moja ni ya ruta yenyewe, yaani lango la kutokea. Maabara inakuwa 63, walimu 45, kamera 16, ofisi 9, usimamizi 8.

Hatua ya 2: Tafuta ukubwa wa kila fungu

Anwani ya IPv4 ina biti 32. Namba inayofuata mkwaju inakwambia biti ngapi ni za mtandao. Zinazobaki ni za vifaa. Ukiwa na /26 zimebaki biti 6, na mbili sita zikizidishwa pamoja (2×2×2×2×2×2) ni 64. Toa mbili: ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya tangazo linalowafikia wote. Kwa hiyo:

/25 hubeba vifaa 126
/26 hubeba 62
/27 hubeba 30
/28 hubeba 14
/29 hubeba 6

Sasa angalia maabara. Ukisoma haraka "kompyuta 60" utasema /26 inatosha, kwani 62 ni zaidi ya 60. Lakini kuna seva, kuna printa, na kuna lango. Jumla 63. Umepungukiwa na moja, na hiyo moja itakutesa: kompyuta ya mwisho kuwashwa asubuhi ndiyo itakayokosa anwani, na kila siku itakuwa kompyuta tofauti. Fundi atabadilisha waya, atabadilisha kadi ya mtandao, atapiga Windows upya, na tatizo litahamia meza nyingine. Hapa chukua /25.

Kamera nazo ni vivyo hivyo. Kamera 14 na /28 yenye nafasi 14 zinaonekana kama zimeumbiwa pamoja, mpaka ukumbuke rekoda na lango. Chukua /27.

Kuna anayeweza kuihamishia seva na printa kundi jingine ili maabara ibaki na 61 na iingie kwenye /26. Hesabu inakubali. Mimi sikubali, kwa sababu siku wazazi wakichangia kompyuta mbili utalazimika kubomoa mpango wote.

Hatua ya 3: Panga ukianzia kubwa

Kanuni iko moja na haina msamaha: fungu lazima lianzie kwenye namba inayogawanyika kwa ukubwa wake. Fungu la 128 linaanza 0 au 128 tu. La 64 linaanza 0, 64, 128 au 192. La 32 hivyo hivyo, na la 16. Ukianza na kubwa ukashuka kwenda ndogo, mipaka inakaa yenyewe (maski ni ile namba ya mkwaju ikiandikwa kwa okteti nne):

Maabara: 10.20.7.0/25, maski 255.255.255.128, lango .1, mwisho .126, tangazo .127
Walimu: 10.20.7.128/26, maski 255.255.255.192, lango .129, mwisho .190, tangazo .191
Kamera: 10.20.7.192/27, maski 255.255.255.224, lango .193, mwisho .222, tangazo .223
Ofisi: 10.20.7.224/28, maski 255.255.255.240, lango .225, mwisho .238, tangazo .239
Usimamizi: 10.20.7.240/28, maski 255.255.255.240, lango .241, mwisho .254, tangazo .255

Fungu limeisha kabisa, hakuna kilichobaki mkiani. Sina wasiwasi, maana nafasi ya kukua iko ndani ya kila kundi.

Ukianza ovyo, kwa mfano ofisi ichukue 0 hadi 15 halafu uandike maabara kuwa 10.20.7.16/25, ruta haitakukatalia. Itaisoma kama kifaa nambari 16 ndani ya 10.20.7.0/25, na maabara itakuwa imeimeza ofisi nzima bila wewe kujua.

Kwa nini kanuni hii ipo? Chukua simu ya mwalimu yenye 10.20.7.150. Okteti ya mwisho, 150, kwa biti ni 10010110. Maski ya /26 inaishia 192, ambayo ni 11000000. Weka moja chini ya nyingine, na ubakize moja pale tu ambapo juu na chini ni moja:

10010110
11000000
10000000

Jibu ni 128. Simu imejua kwao ni 10.20.7.128. Kila inapotaka kutuma kitu inafanya hesabu hii kwa anwani ya anayetumiwa. Jibu likiwa 128, ni jirani, inamwita moja kwa moja. Likiwa jingine, inampelekea lango. Kifaa hakijui jengo wala chumba, kinajua hizi biti tu. Fanya zoezi hili kwa mkono mara tano na namba tofauti. Baada ya hapo hutahitaji kikokotoo cha mtandaoni.

Hatua ya 4: Amua nani apewe kwa mkono

Kifaa kinachotafutwa na wengine kisihamehame: seva, printa, rekoda, kamera, swichi. Kinachotafuta wengine, yaani kompyuta na simu, kipewe na DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani yenyewe.

Maabara: .2 seva, .3 printa, hadi .19 ni za mkono. DHCP igawe .20 hadi .120.
Walimu: DHCP .135 hadi .190.
Kamera: hakuna DHCP kabisa. Rekoda .194. Kamera nambari 1 ni .201, nambari 14 ni .214. Mlinzi akipiga simu kusema "kamera ya tisa imezima", unajua ni .209 bila kufungua daftari.
Ofisi: printa .226, DHCP .230 hadi .238.

Anwani ya mkono lazima iwe nje ya zile zinazogawiwa na DHCP. Kuna ofisi moja niliwahi kwenda mara tatu kwa printa ile ile. Jumatatu haichapishi, Jumatano inachapisha. Ilikuwa imepewa .37 kwa mkono, huku DHCP ikigawa kuanzia .2 hadi .254. Wikendi printa ilizimwa, Jumatatu simu ya mtu iliingia mapema ikapewa .37. Printa ilipowashwa, wakawa wawili wenye jina moja. Niliigundua pale nilipoandika `arp -a` kwenye kompyuta, nikaona anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao ya kifaa) ya .37 si ile iliyobandikwa mgongoni mwa printa. Tangu hapo hilo ndilo jambo la kwanza ninalolitazama.

Njia nyingine ni kuifungia printa anwani ndani ya DHCP kwa kutumia MAC yake. Kwa printa inafaa sana. Kwa simu usijisumbue: kuanzia Android 10 na iOS 14 simu hutumia MAC ya kubuni, na inaweza kubadilika.

Hatua ya 5: Ingiza kwenye ruta

Hapa nilitumia ruta ya MikroTik. Kila kundi linapata VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa na mingine hata kama swichi ni moja. Kwa maabara amri ni hizi, zikichukulia bridge yako (inayounganisha poti za ruta pamoja) inaitwa bridge:

```
/interface vlan add name=maabara vlan-id=10 interface=bridge
/ip address add address=10.20.7.1/25 interface=maabara
/ip pool add name=pool-maabara ranges=10.20.7.20-10.20.7.120
/ip dhcp-server add name=dhcp-maabara interface=maabara address-pool=pool-maabara disabled=no
/ip dhcp-server network add address=10.20.7.0/25 gateway=10.20.7.1 dns-server=10.20.7.1
```

Rudia kwa makundi mengine ukibadilisha namba: VLAN 20 walimu, 30 kamera, 40 ofisi, 99 usimamizi. Kamera na usimamizi hawana mistari mitatu ya DHCP. Kwa kuwa ruta ndiyo DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), washa allow-remote-requests, na hakikisha poti 53 imefungwa upande wa intaneti.

Hatua ya 6: Tenganisha kweli

Subneti peke yake si ukuta. Ukiziweka zote kwenye swichi moja bila VLAN, mtu atajiandikia 10.20.7.200 kwa mkono na atakuwa ameingia kwa kamera. Kwa hiyo poti za swichi zipangwe: poti za maabara ziwe VLAN 10 tu, za kamera 30 tu, na waya unaoelekea ruta ubebe zote.

Hata hapo, ruta kazi yake ni kupitisha, na itapitisha kati ya subneti mpaka uikataze:

```
/ip firewall filter add chain=forward src-address=10.20.7.128/26 dst-address=10.20.7.192/27 action=drop
```

Hapo Wi-Fi ya walimu haifiki kwa kamera. Andika nyingine kwa maabara. Sheria husomwa kutoka juu kwenda chini, hivyo ziweke juu ya zile zinazoruhusu.

Hatua ya 7: Jaribu kwa mpangilio

Kaa kwenye kompyuta ya kila kundi. Angalia kwanza imepata anwani gani. Ukiona inayoanza na 169.254, DHCP haijafika, na mara nyingi ni poti iliyo kwenye VLAN isiyo yake. Ikiwa anwani ni sawa, piga ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo) kwa lango, kisha kwa kifaa cha kundi jingine kinachoruhusiwa, kisha 8.8.8.8 (seva ya Google kwenye intaneti), mwisho jina la tovuti. Mahali ping inapokatika ndipo pa kushughulikia. Mbele ya hapo usipaguse.

Shuleni hapo mhasibu alilalamika kwamba intaneti anapata, lakini rekoda ya kamera haifunguki, wakati mwenzake wa meza ya pili anaifungua. Kompyuta yake ilikuwa na .231, lango .225, vyote sahihi. Maski ilikuwa 255.255.255.0, iliyoachwa na aliyeiandika kwa mkono zamani. Kwa maski hiyo kompyuta iliamini kwamba .194 ni jirani, ikawa inaiita ndani ya ofisi, na rekoda iko VLAN nyingine, haisikii. Intaneti ilipatikana kwa kuwa 8.8.8.8 si jirani hata kwa maski hiyo, ikaenda langoni. Nilimrudisha kwenye DHCP, rekoda ikafunguka.

Nilipomaliza nilichapisha jedwali la anwani zote nikalibandika ndani ya mlango wa kabati la swichi, na nakala nikamwachia mwalimu wa kompyuta. Swichi ni .242 na .243, antena .244 na .245, akses pointi .246 hadi .248. Akinunua swichi ya tatu, ataiandika .249.