Ngazi Kwanza: Jinsi ya Kuliandaa Jengo la Ghorofa Dhidi ya Moto

Kamati nyingi za wakazi wa maghorofa, zinapoamua kushughulikia usalama wa moto, huanza kwa kununua mitungi ya kuzimia moto, kuitundika ukutani na kuhesabu kwamba kazi imekwisha. Mitungi inahitajika, lakini katika majengo marefu kama yale ya Kariakoo na Upanga jijini Dar es Salaam, kinachoamua nani atatoka salama ni ngazi. Moshi huua watu wengi kuliko miali yenyewe, kwa kuwa hubeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nao hupanda kwa kasi kupitia kila uwazi unaoukuta. Ngazi zikijaa moshi, wakazi wa juu hawana pa kupita.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie ghorofa ya juu kabisa, na mkaguzi ashuke kwa miguu hadi chini akiwa na tochi na daftari. Kila ghorofa aufungue mlango unaoingia kwenye ngazi, auachie, kisha aangalie kama unarudi wenyewe na kujibana hadi kitasa kiingie mahali pake. Mlango uliozuiwa kwa tofali au kwa ndoo ili upepo upite, au ambao mkono wake wa kuufunga umeng'olewa, hauzuii moshi hata kidogo, na kuutengeneza ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kinachopotea. Baiskeli, viroba vya mkaa na makochi ya zamani viondolewe ngazini siku hiyo hiyo. Mlango wa chini wa kutokea nao ufunguke kwa ndani bila ufunguo saa zote, hata kama mlinzi amezoea kuutia kufuli usiku kwa kuhofia wezi. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni komeo linalofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani. Taa za ngazi ziwe na betri zake, kwa sababu umeme hukatika mapema moto unapozuka.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni mashimo yanayopitisha nyaya na mabomba kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Fungua kijimlango chake, umulike chini: ukiona mwanga wa ghorofa iliyo chini yako, basi moshi nao utaiona njia hiyo hiyo. Mwambieni fundi azibe uwazi huo kwa vifaa visivyoshika moto, na kila kampuni ya intaneti inayokuja kupitisha waya mpya ilazimike kuziba tundu lake kabla ya kuondoka.

Magari mengi ya zimamoto hayana ngazi za kufika ghorofa za juu, kwa hiyo askari hutegemea maji ya jengo lenyewe. Pampu iwashwe mara kwa mara, tangi lisichotwe kwa matumizi mengine, koki za kila ghorofa zifunguliwe kuthibitisha kwamba zinatoa maji, na nafasi ya gari la zimamoto mbele ya jengo isigeuzwe maegesho. Umeme unaowaka usimwagiwe maji. Mtungi wa kaboni dayoksaidi ndio unaofaa hapo.

Wamiliki wanaopamba kuta za nje kwa paneli wasikubali kupewa sampuli ya rangi tu, bali wadai cheti kinachoonyesha paneli hizo zina nini ndani. Mnamo tarehe 14 Juni 2017, moto ulioanzia kwenye jokofu katika ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower, London, lenye ghorofa 24, ulipanda kwa nje kupitia paneli za alumini zilizokuwa na plastiki katikati, na watu 72 wakafa. Jengo hilo lilikuwa na ngazi moja tu, na wakazi walikuwa wameelekezwa kubaki ndani.

Mwisho, fanyeni zoezi la kutoka, mkiwaomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje kuwaelekeza. Lifti isitumike. Mlinzi awe na orodha ya wazee, wagonjwa na walemavu wa kila ghorofa, pamoja na majina ya majirani waliokubali kuwasaidia. Atakayekuta ngazi zimejaa moshi arudi ndani, afunge milango, azibe chini kwa kitambaa kilicholowa, akae karibu na dirisha, kisha apige 114, ambayo ni namba ya zimamoto Tanzania, na kutaja mtaa, jina la jengo, ghorofa na namba ya nyumba. Maelezo hayo manne yabandikwe nyuma ya mlango wa kila nyumba, kwa maandishi ambayo mtoto anaweza kuyasoma.