Neno "Pago" kwenye chupa lisikuchanganye: jinsi ya kusoma lebo ya mvinyo wa Uhispania

Watu wengi wakiona neno Pago kwenye chupa wanajua washapata ule mvinyo wa shamba moja wenye hadhi yake ya kisheria, kumbe wapi. Pago ni shamba la mizabibu tu, na kuna viwanda vimeliweka kwenye jina lao. Chukua Pago de Carraovejas au Pago de los Capellanes, mvinyo mzuri tu, ila ni wa Ribera del Duero, eneo kubwa la mvinyo, hauko daraja hilo.

Kwahiyo usiishie kwenye yale maandishi makubwa ya mbele, geuza chupa. Tafuta maneno matatu yakiwa pamoja, Vino de Pago, yameambatana na jina la shamba. Hayo maneno hayaandikwi kiholela, yamo kwenye sheria ya mvinyo ya mwaka 2003, na shamba lenyewe lazima liwe na udongo na hali ya hewa inayolitofautisha na majirani, jina lake liwe limeshazoeleka sokoni miaka 5, na zabibu zote zitoke humohumo. Mwenye kiwanda akipungukiwa akanunua zabibu za jirani, basi mvinyo huo hauitwi Vino de Pago hata kama wametenganishwa na njia tu.

Halafu angalia aina ya zabibu, hapa ndo panaponoga. Dominio de Valdepusa, kule Malpica de Tajo mkoa wa Toledo, mwenye shamba Carlos Falcó alipanda Cabernet Sauvignon mwaka 1974 wakati eneo lile halikuwa na mazoea nayo kabisa, baadaye akaingiza Syrah na Petit Verdot, na shamba likaja kuwa kati ya ya kwanza kupewa daraja hili. Kila pago ina kanuni zake, kwahiyo usishangae kukosa Tempranillo, ile zabibu nyekundu maarufu ya Uhispania. El Terrerazo ya Valencia nayo ni Bobal, zabibu iliyodharauliwa miaka mingi eti ya mvinyo wa kupima kwa wingi.

Na neno Reserva usilichanganye na hili, lile linahusu muda wa kukomaza mvinyo, yaani mvinyo mwekundu unakaa angalau miaka 3 na kati ya hiyo miezi 12 iwe kwenye pipa la mwaloni. Viñedo Singular, yaani shamba maalumu la eneo la mvinyo la Rioja, pia ni kitu kingine, imeanza 2017 na inabaki ndani ya Rioja hiyohiyo, wakati pago inasimama kwa jina lake.